Kituo cha baiskeli cha jamii hapa Tanga: nianze na nini?

Mwalimu_Makorora

Salaam kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Serikali ya mtaa imekubali kutuachia stoo yao ya zamani iliyo kando ya uwanja wanapochezea vijana jioni. Bati ni zima, mlango ni wa chuma, umeme upo, na baiskeli kama ishirini zinaenea humo zikipangwa vizuri. Nataka pawe kituo cha baiskeli cha watu wote: mtu aje na baiskeli yake aitengeneze kwa vifaa vya pamoja, asiyejua afundishwe, mwanafunzi anayetoka mbali akodishwe baiskeli kwa muhula mzima, na Jumamosi watoto wajifunze kuendesha.

Anayeijua Tanga anajua kwamba mji huu uliumbiwa baiskeli. Ni tambarare kutoka Raskazone hadi barabara za namba za Ngamiani, na wazee wetu wa mkonge, reli na bandari walikwenda kazini kwa baiskeli. Hata leo ziko nyingi. Lakini nikisimama getini asubuhi, wanaoingia nazo ni wavulana karibu watupu. Wasichana wanaotoka Amboni na Mabokweni wako kituoni wanasubiri daladala, na makondakta wanawakwepa kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Wanaingia darasani kipindi kimeshaanza, wamechoka, wengine wanalia. Hilo ndilo linaloniuma na ndilo lililonifikisha hapa.

Naomba ushauri wa watu waliowahi kufanya jambo kama hili. Kuna marafiki wa shule walioko Ulaya wanaosema wanaweza kututumia kontena la baiskeli za mitumba. Nikubali? Halafu, pembeni ya uwanja huo huo wapo mafundi baiskeli wawili chini ya mwembe, wana miaka mingi pale na familia zao zinawategemea. Sitaki kufungua kitu kitakachowanyang'anya riziki. Na vifaa: kwa fedha kidogo tulizochanga walimu, tununue nini kwanza? Suala la usajili nalo silielewi vizuri.

---

Pedali_Kisumu

Hongera sana mwalimu. Mimi niko Kisumu. Huku kwetu, kabla ya pikipiki kuingia kwa wingi, boda boda ilikuwa ni baiskeli yenye kiti kilichoshonewa sponji nyuma, na vijana wengi walisomesha wadogo zao kwa kazi hiyo. Kwa hivyo ukisema mji umeumbiwa baiskeli nakuelewa kabisa.

Nikupe kitu cha kupeleka mezani ukikutana na madiwani au wazazi. Jimbo la Bihar kule India lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa darasa la tisa fedha za kununua baiskeli ya kwendea shule. Watafiti waliofuatilia waliona uandikishaji wa wasichana katika sekondari ukipanda kwa karibu theluthi moja, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Waliofaidika zaidi ni waliokaa mbali na shule. Zambia nako, shirika la World Bicycle Relief liligawa baiskeli kwa wasichana wa vijijini na utafiti ukaonyesha utoro umepungua kwa asilimia 28. Mzazi anayeona baiskeli ni ya mtoto wa kiume peke yake husikiliza akiambiwa habari za masomo.

Hao World Bicycle Relief wana baiskeli yao inayoitwa Buffalo, na huunganishwa hapa Kisumu pia. Ni nzito, keria yake inabeba kilo 100. Sisemi ununue hizo. Nasema ujifunze mpango wao: aina moja ya baiskeli, spea za aina moja, fundi akishaijua moja ameshazijua zote. Na kijijini huunda kamati ya wazazi na walimu ambayo ndiyo inaamua nani apewe na inakagua kama inatunzwa. Uamuzi huo usibaki mikononi mwako peke yako, mwalimu. Utachukiwa na nusu ya mtaa.

---

Mtanga_wa_Seattle

Dada, nimesoma mpaka machozi, mimi nimekulia Chumbageni.

Huku Seattle, Marekani, niliko kuna karakana ya jamii inaitwa Bike Works, ipo tangu 1996. Mtoto haji kuomba baiskeli. Anajiunga na darasa la ufundi, anajifunza kuziba pancha, kunyoosha ringi, kufunga breki, kisha anafanya kazi ya kutengeneza baiskeli za kituo, na saa zake za kazi zinaandikwa. Zikitimia, anachukua baiskeli aliyoichagua. Anatoka nayo akiwa anaijua kila nati. Huyo huwezi kumsikia baada ya mwezi akisema imeharibika nimeiacha nyumbani.

Jambo jingine linalofanywa na karakana nyingi za namna hii ni kutenga siku ya wanawake peke yao. Mwanzoni niliona kama ubaguzi. Kisha niliwaona kina mama waliokuwa wanasimama mlangoni siku nyingine zote, siku yao wanaingia na kushika spana. Kwa Tanga nadhani hilo ni la lazima.

---

Fundi_Sabasaba

Mwalimu, habari za huko. Mimi ni fundi baiskeli Morogoro, nimeanza kazi hii nikiwa kijana na sasa nina wajukuu. Hapa tumewahi kuwa na karakana ya pamoja ya kikundi, ipo hadi leo, na nimeziona nyingine mbili zikifunguliwa kwa ngoma na kufungwa kimya. Kwa hiyo nitakuandikia kwa urefu, unisamehe.

Umeuliza swali la mafundi wa chini ya mwembe kama swali la pili. Kwangu hilo ndilo la kwanza, na mengine yote yanalitegemea. Kesho asubuhi, kabla hujanunua hata bisibisi, nenda ukakae nao. Waambie una chumba. Wale wawili wanaijua kila baiskeli ya mtaa huo, wanajua ipi imechomelewa fremu, nani halipi, spea ipi haipatikani tangu mwaka jana. Ukifungua kituo cha kutengeneza bure mbele ya macho yao, watu watakuja kwako kwa sababu ni bure, wao watahama au wataenda kuendesha bodaboda, na siku fedha zenu zikikata mtaa hautakuwa na kituo wala fundi. Nimeliona hilo likitokea. Zile karakana mbili nilizosema, moja ilikufa hivyo hivyo.

Kwa hiyo gawaneni kazi. Pancha, kubadilisha tairi, kusuka ringi, kuchomelea, kazi zote ambazo mtu analeta baiskeli, anaiacha na kulipa, ni zao, kwa bei yao, na wafanyie ndani ya kituo au kwenye kibaraza chake. Wanapata kivuli wakati wa masika, jiliwa la kubania vitu, na umeme. Wao wanalipa kwa kufundisha jioni mbili kwa wiki. Kituo kinafanya kile ambacho fundi hawezi kukifanya: kufundisha, kuazimisha vifaa, kukodisha, na kununua spea kwa pamoja. Hili la mwisho watu hulidharau. Fundi mmoja hana mtaji wa kuleta tairi kwa jumla kutoka Kariakoo, ananunua mojamoja dukani kwa bei ya juu na mteja ndiye anayeumia. Mkikusanya mahitaji ya mafundi wote wa Makorora, Mabawa na Ngamiani mkaagiza pamoja, mtauza tairi kwa bei nafuu na bado mtabaki na faida ya kulipia umeme. Karakana yetu hapa imeishi kwa kabati la spea. Kukodisha baiskeli kunaleta fedha kidogo na maumivu mengi, spea zinaleta kidogokidogo kila siku.

Sasa kontena.

Usikatae, ila usikubali kabla hujajibiwa mambo. Baiskeli ya kwetu, Phoenix na ndugu zake, ina tairi ya 28 kwa moja na nusu. Baiskeli nyingi za Ulaya nazo zimeandikwa 28. Ukiziona kwenye picha utafurahi kwamba zinalingana. Hazilingani. Soma ubavuni mwa tairi, kuna namba mbili zenye kistari katikati. Ile ya pili, yenye tarakimu tatu, ndiyo kipimo cha kweli cha ringi kwa milimita. Phoenix ni 635. Ile 28 ya Ulaya ni 622. Milimita 13 hizo maana yake tairi ya sokoni kwetu haikai kwenye ringi yao hata ukiipigia magoti, na siku tairi iliyokuja nayo inapasuka baiskeli hiyo inakuwa chuma chakavu. Hata 26 ziko za namna mbili: ile ya mauntini ni 559, na ile ya 26 kwa moja na tatu juu ya nane, ya baiskeli za mjini, ni 590. Tairi za 559 utazipata karibu kila mji.

Waandikie hao marafiki waziwazi: tunataka za 559, ringi imara, fremu ya chuma, breki za mpira. Gia sita au saba nyuma zinatosha, cheni yake inapatikana. Hizi za gia tisa na kumi, cheni ni nyembamba, utaitafuta Tanga nzima. Breki za mafuta hapana. Zenye springi katikati ya fremu hapana, zinaonekana za fahari lakini bushi zikiisha hakuna wa kuzibadilisha. Na robo ya kontena iwe tairi, tyubu, waya za breki, cheni na vifaa. Wafadhili hupenda kuhesabu baiskeli, hawapendi kuhesabu tyubu, inabidi uwaombe. Mwisho, ulizeni nani atalipa ushuru na gharama za bandari, na jina la nani litakuwa kwenye nyaraka. Mzigo ukikaa bandarini gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku, na huo ni mzigo wa walimu waliochanga kutoka mishaharani. Likija, kontena lenyewe mbaki nalo. Namibia wamefanya hivyo kwa miaka mingi, makontena yaliyoleta baiskeli yaligeuzwa kuwa karakana na duka papo hapo.

Vifaa. Nunua vichache vizuri kuliko sanduku la vifaa themanini vya bei rahisi, vinavyopinda mdomo wiki ya pili. Spana za kuanzia 8 hadi 17, na 15 iwe mbili maana ndiyo ya pedali na nati nyingi za magurudumu. Spana bapa za koni, zile nati za ndani ya ekseli zinazobana gololi. Kifaa cha kutolea pini ya cheni, cha kukazia spoku, cha kuvutia kenki (mikono ya pedali), na cha kufungulia friwili (meno ya nyuma). Nyundo, koleo, msumeno wa chuma, bisibisi mbili, jiliwa moja zito. Pampu kubwa ya kusimamia yenye geji, hiyo ifungwe kwa mnyororo nje mlangoni na upepo uwe bure saa zote. Watu watakuja kwa upepo na wataona mnachofanya. Stendi ya kuinulia baiskeli msinunue, mchomeleaji yeyote wa hapo atawatengenezea kwa bomba.

Halafu ubao. Pakeni ukutani, kila kifaa kitundikwe na mchoro wa umbo lake upakwe rangi nyuma yake. Jioni mkifunga, nafasi iliyo wazi inaonekana kutoka mlangoni. Kwetu tulipoteza vifaa vingi kabla ya ubao na vichache sana baada yake.

Nyie wa pwani mna adui ambaye sisi wa chini ya Uluguru hatumjui sana, hewa ya chumvi. Msiruhusu mtu kupaka oili chafu ya gari kwenye cheni. Inashika mchanga na kusaga meno. Cheni ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, ipakwe oili safi kidogo na ifutwe. Nguzo ya kiti na nati zote zipakwe grisi kabla ya kufungwa, la sivyo mwakani zitatoka kwa moto. Gololi za habu (vitovu vya magurudumu) na za kenki zifunguliwe na kuoshwa mara moja kwa mwaka, kabla ya masika.

Na somo la kwanza kwa watoto liwe hili: pedali ya kushoto hukazwa kinyume. Ukiifungua kama nyingine unaua nyuzi za kenki, na kenki ni ghali. La pili ni kupima cheni kwa rula. Cheni mpya, kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake ni inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na moja ya kumi na sita, ibadilishwe. Ikifika 12 na moja ya nane mmechelewa, meno ya nyuma nayo yameliwa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kupima, na akishapima mara moja anampimia baba yake, mjomba, jirani.

---

Jamii_Kwanza

Nifafanue la usajili, nimefanya kazi hiyo ngazi ya kata. Msiende moja kwa moja kusajili shirika lisilo la kiserikali, ni mzigo mkubwa kwa mnachoanza nacho. Anzeni kama kikundi cha kijamii. Andikeni katiba fupi, fanyeni kikao, muhtasari na orodha ya wanachama vipitie kwa mtendaji, kisha afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza usajili wa halmashauri. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja. Mkianza kuuza spea, namba ya mlipakodi na leseni vitahitajika.

Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kituo kilichochanganya walimu, wazee na watoto hakitaingia humo. Lakini vijana mtakaowafundisha ufundi wanaweza kuunda kikundi chao na kukopa mtaji wa spea. Na msisahau hao wa asilimia 2: baiskeli za miguu mitatu wanazotumia watu wenye ulemavu zinatumia cheni, spoku na gololi hizo hizo, na mara nyingi zinakaa mbovu kwa sababu haziwezi kufikishwa kwa fundi. Mlango wenu usiwe na kizingiti.

---

Kange_Juu

Wazo zuri ila mtaibiwa. Baiskeli ya kukodisha ikitoka asubuhi, jioni iko Horohoro mpakani. Mwalimu amejiandaaje?

---

Mwalimu_Makorora

Ahsanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Shikamoo fundi wa Morogoro.

Nimekwenda kukaa na mafundi wa mwembeni jana baada ya vipindi. Mmoja alinisikiliza kimya muda mrefu, kisha akaniuliza funguo atashika nani. Nikamwambia bado hatujaamua. Akasema funguo wakishika watu wa ofisini, atabaki mwembeni. Mwenzake ameshaanza kuniambia benchi liwe upande gani ili mwanga wa asubuhi usimpige machoni. Kwa hiyo kuna mmoja na nusu.

Nimewaandikia marafiki kuhusu 559 na kuhusu gharama za bandari. Nasubiri.

Nina mambo mawili kwako, fundi. La wizi alilosema ndugu wa Kange, wazazi nao wameniuliza. Na wasichana: wengi wanavaa sketi ndefu na hijabu, wengine mabuibui wakiwa nje ya shule. Mama mmoja kaniambia hana ubishi na baiskeli, anachoogopa ni nguo kukamatwa na gurudumu mtoto akaanguka mbele ya lori. Nilikosa jibu. Wengine pia wana miaka kumi na sita na hawajawahi kuendesha, wanaona haya kujifunza mbele za watu.

---

Fundi_Sabasaba

Marahaba mwanangu.

Funguo mpe huyo aliyeuliza. Nakwambia kwa dhati. Fundi anayeuliza funguo anafikiria kubaki. Ufunguo wa pili ukae kwa katibu wa kikundi, na daftari la vifaa lisainiwe kila asubuhi na kila jioni na aliyefungua. Huyo akiingia, mwenzake hataondoka.

Wizi upo, lakini baiskeli inayojulikana ni ngumu kuuza. Nunueni seti ya namba za chuma za kugongea kwa nyundo, kila baiskeli igongwe namba chini ya fremu pale kenki inapopita, na nyingine mahali pa siri mnapopajua nyie. Picha na namba viandikwe daftarini. Fremu zote za kituo zipakwe rangi moja ambayo haiuzwi dukani, rangi mbaya kiasi, na madigadi ya nyuma iwe na jina la kituo. Mafundi wote mtakaokuwa mnaagiza nao spea wapewe orodha. Mwizi lazima siku moja apate pancha, na atakwenda kwa fundi. Ndiyo faida nyingine ya kuwa nao ndani.

Mkataba wa muhula usainiwe na mzazi, na kila mwisho wa mwezi baiskeli iletwe kituoni ikaguliwe, breki, spoku, cheni, mbele ya mwanafunzi mwenyewe, naye ndiye ashike spana. Isipoletwa, mwezi unaofuata inarudi kituoni apewe mwingine anayesubiri. Kanuni hiyo isiwe na mtoto wa mtu mkubwa.

La nguo. Huyo mama ana haki kabisa, na jibu lipo. Zamani baiskeli za kike zilikuja na wavu uliotandwa kutoka madigadi ya nyuma hadi karibu na habu, pande zote mbili, kuzuia gauni lisiingie kwenye spoku. Unaweza kuutengeneza. Toboa matundu madogo pembeni mwa madigadi, pitisha uzi imara wa nailoni, hapo kwenu wavuvi wanao, utande kama pepeo hadi kwenye kibati kidogo kilichofungwa na nati ya ekseli. Au shona kitambaa kigumu cha turubai kwa umbo hilo. Halafu kifuniko kamili cha cheni, si kile cha nusu. Fremu iwe ya kike, isiyo na bomba la juu, apande bila kuinua mguu. Kwenye kontena ombeni hizo kwa wingi, mradi ringi iwe ile ile ya 559, Ulaya fremu za kike ziko nyingi na mara nyingi zimetunzwa vizuri. Kabla ya kuwapa wasichana, mlete huyo mama akae juu ya baiskeli hiyo na buibui lake, mwinue gurudumu la nyuma kwenye stendi, azungushe pedali kwa nguvu zake zote. Aone kwa macho yake. Akiridhika yeye, mitaa miwili itaridhika.

Kujifunza: usishike kiti na kukimbia nyuma ya mtu. Fungua pedali zote mbili, shusha kiti mpaka nyayo zote zikae chini, auambie mwili wake kwamba haanguki. Asukume kwa miguu, kwanza hatua fupi, kisha ndefu, kisha ainue miguu yote aserereke. Akiweza kuserereka urefu wa goli hadi goli na kukata kona, rudisha pedali. Mtu mzima huchukua siku chache, wengine asubuhi moja. Fanyeni alfajiri uwanjani kabla vijana hawajaja, na mwalimu awe mwanamke. Dada wa Seattle kasema kweli kuhusu siku ya wanawake. Ongeza kwamba siku hiyo hata sisi mafundi tukae nje mpaka tuitwe.

Barabara ya Horohoro ina malori, usimwachie msichana mmojammoja. Amboni kwenu ni kama kilomita nane, kwa mwendo wa kawaida nusu saa na kidogo. Waende kwa msafara, mstari mmoja, upande wa kushoto, mkubwa mmoja mbele na mmoja nyuma, kila baiskeli na vioo vya kuakisi mwanga kwenye pedali na madigadi, na taa kwa wale wanaoondoka kabla ya jua. Wiki ya kwanza mwende nao wewe na mzazi mmoja. Ukiona mahali pa hatari, andika mahali hapo hasa, mti gani, daraja lipi, umpelekee diwani na watu wa barabara kwa maandishi. Malalamiko ya jumla hayafanyiwi kazi, ya mahali maalumu angalau yanajibiwa.

Kama mnataka siku ya kufungua, mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 3 Juni ya kila mwaka kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Viongozi hupenda tarehe kama hizo. Ila pampu iwe mlangoni wiki hii hii, haihitaji mgeni rasmi.

---

Mwalimu_Makorora

Pampu tumeinunua leo. Mnyororo na kufuli mchomeleaji wa jirani katupa bure aliposikia ni ya nini. Mama wa buibui amekubali kuja Jumamosi, anakuja na shangazi wawili wa mtoto. Uzi wa nailoni nitaupata Deep Sea kwa wavuvi.

Fundi, nikikutumia kwa ujumbe wa faragha picha ya kile kibati cha ekseli alichokata fundi wa mwembeni, utaniambia kama matundu yamekaa sawa?

---

Fundi_Sabasaba

Tuma. Piga na gurudumu likiwa limefungwa kwenye fremu, upande wa cheni, nione kama uzi utapita mbali na friwili. Na mwambie asikaze nati kabla sijaona, kibati kikikaa nje sana ekseli inakosa nyuzi za kutosha.